SOMO: KOMPYUTA INAPOKUWA NZITO

Siku ya malipo ya mazao wanachama hufika chamani mapema. Kompyuta ya katibu ikichukua robo saa kufungua daftari la hesabu, foleni hurefuka na minong'ono huanza. Mwanachama haioni mashine. Huona fedha zake zikicheleweshwa. Yafuatayo yafanywe kwa utaratibu.

1. Nakala kwanza. Uzito waweza kuwa dalili ya diski inayokaribia kufa. Hesabu zote zinakiliwe katika diski ya nje, nayo ihifadhiwe mbali na kompyuta. Atakayeanza matengenezo kabla ya nakala aweza kuipoteza leja ya chama kizima.

2. Kutafuta chanzo. Katika mashine za Windows 10 na 11, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua orodha ya kazi zinazoendelea. Hapo huonekana ni programu ipi inayotumia kumbukumbu au diski kupita kiasi. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta hulazimika kuitumia diski badala yake, nayo ni ya polepole zaidi.

3. Kupunguza mzigo. Programu zijiwashazo zenyewe bila kuhitajiwa zizuiwe. Programu mbili za kukinga virusi zisifanye kazi pamoja, kwani hugombana. Mashine izimwe na vumbi liondolewe kwenye feni. Joto likizidi, kompyuta hujipunguzia kasi ili isiungue.

4. Kubadili kifaa. Diski ya zamani ina sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kila faili husubiri kufikiwa. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Mara nyingi badiliko hilo peke yake huifufua mashine iliyokwisha kukatiwa tamaa, kwa gharama ndogo kuliko kununua mpya.

Kosa moja liepukwe: kufuta hesabu za miaka iliyopita kwa kudhani ndizo zinazoilemea kompyuta. Faili za hesabu ni ndogo. Diski hujazwa hasa na picha na filamu. Hesabu zikifutwa, kasi haiongezeki, bali ushahidi wa haki za wanachama hupotea.

Maswali ya kujadiliwa na Kamati:

(a) Nakala ya mwisho ya hesabu za chama ilifanywa lini, na imewekwa wapi?

(b) Ni nani, mbali na katibu, awezaye kuifungua?