Ugonjwa wa Usahaulifu kwa Wazee: Tiba Iliyopo na Haki ya Anayeuguza

Mzee aliyezoea kuhesabu mifugo yake bila kukosea anaanza kupotea njia ya kwenda kisimani. Bibi anauliza swali moja mara tano kabla chai haijapoa, kisha anamtuhumu mkwewe kuwa amemwibia kanga. Usiku huamka, hufungua mlango na kutoka nje. Familia husema ni uzee. Baadhi ya majirani hunong'ona kuwa ni uchawi. Kati ya kauli hizo mbili mgonjwa hukosa huduma, na pengine hupigwa au hufungiwa ndani, ilhali kosa lake ni maradhi.

Maradhi hayo kitaalamu huitwa demensia. Hutokana na magonjwa mbalimbali yanayoharibu ubongo. Linaloongoza ni gonjwa la Alzheimer, lililopewa jina la daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, aliyelieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1906. Kiharusi na shinikizo la damu lisilodhibitiwa navyo huchangia. Demensia haitokani na laana, wala si sehemu ya lazima ya uzee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ukakadiria kuwa takriban wazee 6 katika kila 100 wana demensia. Funzo lake ni kwamba ugonjwa huu upo vijijini, na kwamba wazee walio wengi hufikia umri mkubwa bila kuupata.

Hatua ya kwanza: uchunguzi

Si kila usahaulifu ni demensia. Upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, kaswende, VVU na madhara ya baadhi ya dawa huweza kuvuruga kumbukumbu, na yote hayo yana matibabu. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku chache tu, huenda ana maambukizi ya mkojo au homa ya mapafu, naye anahitaji kupelekwa kwenye huduma bila kuchelewa. Kwa sababu hiyo familia inayomwacha mzee nyumbani kwa kudhani kuwa ni umri inaweza kumnyima tiba ambayo ingemrudishia akili zake.

Dawa zinaweza nini

Hadi sasa hakuna dawa inayoponya demensia. Donepezili, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996, huongeza kemikali inayosaidia seli za ubongo kuwasiliana. Huwapa baadhi ya wagonjwa nafuu ya dalili, lakini haizuii ugonjwa kuendelea. Dawa mpya zaidi, lekanemabu, ilijaribiwa kwa watu 1,795 waliokuwa katika hatua za awali za ugonjwa wa Alzheimer. Baada ya miezi 18, kudhoofika kwa waliotumia dawa kulikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko kwa wenzao waliopewa dawa isiyo na kiambato. Hata hivyo hutolewa kwa dripu, tena chini ya uangalizi wa vipimo vya picha za ubongo, kwa kuwa inaweza kusababisha uvimbe au kuvuja damu kichwani. Kwa hiyo mtu anayeuza chupa ya dawa mnadani na kuahidi kuwa itarudisha kumbukumbu anauza asichokuwa nacho.

Tiba isiyo ya vidonge

Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya tiba ya kuchangamsha akili katika vikundi. Wagonjwa hukutana mara 2 kwa wiki, kwa wiki 7, wakaimba, wakazungumzia vyakula na utoto wao, wakatambua picha na vitu na kucheza michezo mepesi. Tiba hiyo ilifanyiwa marekebisho ili iwafae wazee wasiojua kusoma, ikajaribiwa Hai kwa wagonjwa 34. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuwa uwezo wa kufikiri uliongezeka na wasiwasi ukapungua. Washiriki walikuwa wachache, lakini jaribio hilo lilithibitisha kuwa tiba hiyo inawezekana kijijini bila mitambo. Hata nyumbani, mzee anayepewa mchele apepete na nafasi ya kusimulia ya zamani hunufaika kuliko aliyekalishwa pembeni peke yake.

Anayeuguza naye ni mtu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo ndugu walio mbali wanavyouona mzigo wa binti, mke au mkwe anayemwogesha mzee, kumlisha na kukesha naye. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wanawake hutoa takriban asilimia 70 ya saa za kuwahudumia watu wenye demensia. Wengine huacha biashara. Wengine ni wajukuu wanaokosa masomo. Mlezi aliyechoka huugua, hukasirika, na siku moja huinua mkono.

Jambo hili nalo limefanyiwa utafiti. Nchini Uingereza walezi 260 walishiriki katika jaribio ambamo sehemu yao walipewa vipindi 8 vya mafunzo ya namna ya kukabili tabia ngumu, kupumzika na kuomba msaada. Waliofunzwa walipungukiwa na sonona na wasiwasi, na nafuu hiyo iliendelea kuonekana baada ya miaka 2.

Mafunzo yenyewe si mageni. Mlezi habishani na mgonjwa juu ya kanga iliyopotea. Humsaidia kuitafuta, kisha humgeuzia mazungumzo. Hutoa agizo moja kwa wakati mmoja. Hushika ratiba ileile ya kula na kulala, huacha taa ndogo usiku, na huweka mbali panga, kiberiti na mafuta ya taa. Ndugu nao hukaa kikao na kugawana siku, ili kila wiki anayeuguza apate walau siku moja ya kupumzika.

Mahali pa kuanzia

Familia yenye mashaka inashauriwa kuanzia zahanati au kituo cha afya, ikiwa na orodha ya dawa zote anazotumia mzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na ilielekeza asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Panapo dalili za mzee kutishiwa, kupigwa au kufungiwa, taarifa ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata au polisi mapema. Aliyewalea wengine akingali na kumbukumbu zake anastahili kulelewa kwa heshima zinapomtoka, na anayemlea asiachwe peke yake.