Kufundisha Historia kwa Magofu: Mfano wa Tongoni

Mwalimu awapelekapo wanafunzi kwenye magofu na kuwahadithia yote mwenyewe, watoto hurudi wamesikia mengi lakini hawakuchunguza lolote. Afadhali wangebaki darasani.

Tuchukue mfano wa Tongoni, kilomita zipatazo 20 kusini ya Tanga, karibu na njia iendayo Pangani. Hapo pana gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa yamejengewa nguzo. Mji huo uliitwa Mtangata. Mwezi Aprili 1498, merikebu ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipokwama miambani karibu na hapo, wenyeji waliwaendea Wareno kwa vyombo vyao, wakiwa na machungwa. Basi historia ya mahali hapa haikuanza na wageni hao, waliikuta.

Hatua ya kwanza: Kutazama. Vikundi vya wanafunzi watano watano vipime kuta kwa hatua, vichore, na kuandika yaonekanayo tu: mawe ya matumbawe, chokaa, kibla, na vishimo nguzoni vilivyotiwa mabakuli ya kauri.

Hatua ya pili: Kuuliza. Mawe haya yalitoka wapi? Wanafunzi watayaona matumbawe pwani hapo hapo. Huenda mmoja akasema, "Mabakuli yalitoka China, basi Wachina ndio waliojenga." Mwalimu asimkemee, bali amwulize: "Redio ya kwenu ilitengenezwa ng'ambo. Je, nyumba yenu nayo ilijengwa na watu wa ng'ambo?" Hapo mtoto atapambanua kati ya kitu kilichonunuliwa na kazi ya fundi wa mahali.

Hatua ya tatu: Kupambanua. Darasani, ubao ugawanywe safu tatu: Tuliyoyaona, Tunayoyakisia, Tuliyosimuliwa. Masimulizi ya wazee juu ya Washirazi yaandikwe kwa heshima katika safu ya tatu, kisha yalinganishwe na safu ya kwanza.

Hatua hii ndiyo kiini cha somo. Kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba miji ya pwani ilianzishwa na wageni kutoka Asia. Uchimbaji uliofanywa baadaye umeonyesha kuwa ilikua kutokana na wenyeji waliolima, waliovua, waliofanya biashara na kupokea Uislamu. Mtoto asiyejua kupambanua ataamini kwamba wazee wake hawakujenga kitu.

Tahadhari: Magofu hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mwalimu aombe ruhusa mapema, na mwanafunzi asiokote hata kigae. Tena hapo ni makaburini, adabu itangulie.