Maji Yanayotumiwa na Mazao

Mmea hufyonza maji kwa mizizi, kisha huyatoa hewani kwa majani. Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya meta ya mraba 1 huleta lita 1 ya maji.

Mahindi huhitaji angalau milimeta 500 hivi mpaka yakomae. Tuseme mvua iliyoingia ardhini ni milimeta 400. Zimepungua milimeta 100. Katika hekta 1, yaani meta za mraba 10,000, upungufu huo ni lita 1,000,000. Mkulima asipomwagilia, atavuna haba. Wataalamu hukadiria maji ya mazao ya dunia nzima kwa hesabu kama hii.

Zoezi
Bustani ya meta za mraba 200 imepungukiwa na milimeta 50. Itamwagiliwa lita ngapi?