Pingili ya akiba: niliyojifunza njia ya Kolwezi

Nilikuwa nimetoka Fungurume asubuhi, shemeji yangu nyuma, gunia la unga katikati yetu. Tulipokaribia Kisanfu injini ikaanza kulia lakini pikipiki haiendi. Nikageuka: cheni imelala barabarani mita chache nyuma. Kabla sijaifikia, lori la madini likaipitia juu.

Cheni yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu na haikukatika popote. Kilichopotea ni pingili ya kuungia, ile inayofungwa kwa klipu ndogo ya chuma. Nilikuwa nimetoa pesa nzuri kwa cheni, nikamwachia fundi achague pingili kutoka kopo la vitu vilivyobaki.

Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akasimama. Akatoa mfukoni pingili mpya iliyofungwa ndani ya nailoni, akaipima kwenye cheni yangu, akatikisa kichwa. "Yaya, hii cheni ni ya H. Walikutilia pingili ya kawaida."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma maandishi ya kwenye cheni. Boxer na TVS nyingi za huku hutumia saizi 428. Ile 4 ni sehemu nne kati ya nane za inchi, yaani nusu inchi, milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. 28 inaeleza upana wa ndani, karibu milimita 8. Herufi H inamaanisha mabamba ya pembeni ni manene zaidi. Urefu wa pini hadi pini haubadiliki, kwa hiyo pingili ya 428 ya kawaida itaingia kwenye cheni ya 428H bila ubishi. Lakini pini zake ni fupi kwa yale mabamba manene, na mfereji ambamo klipu hukaa hautokezi wote. Fundi anagonga kidogo kwa nyundo, klipu inashika nusu, unalipa na kuondoka. Mashimo na mtikisiko wa njia humaliza kazi iliyobaki.

Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Chukua kipande cha cheni yako, au angalau soma maandishi yaliyopigwa pembeni mwa pingili. Muuzaji akisikia Kifaransa zaidi, omba attache rapide ya saizi ileile, ikiwezekana ya kampuni ileile iliyotengeneza cheni. Kama cheni yako ina oringi, pingili nayo lazima iwe na oringi zake nne. Klipu iliyotumika usiirudishe: ikishafunguliwa imeshatanuka, hata kama macho hayaoni.

Kufunga ni kazi ya dakika kumi, ukijua hila moja: ncha mbili za cheni zikutane juu ya meno ya sproketi ya nyuma. Meno yatazishika, nawe utakuwa na mikono miwili huru. Ingiza pini kutoka ndani, pachika bamba la nje hadi uone mfereji wote kwenye pini zote mbili. Usipouona wote, simama hapo, pingili hiyo si yako. Kisha telezesha klipu kwa koleo, ukiegemeza mdomo mmoja kwenye pini, hadi isikike "tak". Bisibisi iache mfukoni, maana ndiyo inayopinda klipu.

Halafu mwelekeo. Itazame klipu kama samaki: upande uliofungwa ni kichwa, upande uliopasuka ni mkia. Kichwa kitangulie kule cheni inakokwenda. Pingili ikiwa upande wa juu, kichwa kitazame mbele ya pikipiki. Ikiwa chini, kitazame nyuma. Ukigeuza, kitu chochote kitakachougusa ule mkia kitaisukuma klipu nje. Nimekuta pikipiki tatu zimefungwa hivyo kwenye kituo kimoja, na wenyewe wakacheka nilipowaonyesha.

Kwa safari ndefu naongeza tone la silikoni ya gasketi juu ya klipu, nikiiacha ikauke usiku. Wapo wanaofunga waya mwembamba. Mimi siupendi, kwa sababu ukilegea unasugua kifuniko cha cheni. Wengine watakushauri pingili ya kugongea ribiti. Ni imara kweli, ila inahitaji kifaa chake, na kwa pikipiki ya 125 au 150 ribiti iliyogongwa kwa nyundo kando ya njia ni mbaya kuliko klipu iliyokaa vizuri.

Cheni ilegee sentimita 2 hadi 3 katikati. Ikikazwa kupita hapo, mzigo wote unavuta ile pingili kila gurudumu linapoingia shimoni. Kiangazi, vumbi jekundu la malori likiganda kwenye mafuta, naosha kwa mafuta ya taa na kupaka oili ya gia. Oili chafu ya injini hapana, ina unga wa chuma ndani yake.

Siku ile nilikuwa na bahati: cheni ilitokea nyuma. Ingejikunja kwenye sproketi ya mbele, ingepasua kasha la injini au kufunga gurudumu, na shemeji nyuma.

Sasa hutanikuta njiani, iwe Likasi au Kolwezi, bila pingili mbili za H, koleo na kipande cha cheni chini ya kiti. Motari wa Kisanfu, ukisoma haya: pingili ya kukulipa ile uliyonipa ipo, mpya, pitia Fungurume uichukue.