Kurahisisha Sehemu: Mafunzo Niliyopata Kariakoo

Watoto ninaowasaidia Hisabati jioni ni wa darasa la nne na la tano. Wengi wao wazazi wao wanauza nguo, soksi na kandambili kwa jumla na rejareja, katika mitaa hii ya Kariakoo ambako wateja wanafuata mzigo kutoka mikoani, Zambia, Malawi hadi Kongo. Mada inayowatesa ni kurahisisha sehemu. Haya ndiyo niliyojifunza nikiwa nao.

1. Mtoto aone kwanza kwamba hakuna kilichopungua

Ukimwambia 8/12 ni sawa na 2/3, atakubali kwa heshima, lakini moyoni anaamini 8/12 ni kubwa zaidi, kwa sababu namba zake ni kubwa. Kwa hiyo kabla ya kalamu ninaomba dazeni moja ya soksi. Tunazipanga mezani, jozi 12. Mtoto anatenga nane. Kisha ninamwambia azifunge zote nne nne kwa mpira wa pesa. Yanapatikana mafungu matatu, na zile nane alizotenga ni mafungu mawili. "Mbona ni zilezile?" aliniuliza binti mmoja, akazihesabu tena kuhakikisha. Nikamwachia azihesabu anavyotaka. Kanuni inayofuata hapo, ya kugawanya juu na chini kwa namba ileile, haihitaji kukaririshwa.

2. Kosa la kutoa lina mantiki yake

Wapo wanaotoka 6/8 wakafika 4/6 kwa kutoa mbili juu na mbili chini. Wamesikia "fanya kitu kilekile kwa kiasi na kwa asili", nao wamefanya. Kuwakemea hakusaidii. Ninawapa 2/4 ya kilo ya sukari, yaani gramu 500. Tukitoa moja juu na moja chini inakuwa 1/3, ambayo ni kama gramu 333. Mtoto aliyezoea kutumwa dukani anajua nyumbani hataeleweka. Hapo anakubali mwenyewe kwamba tunagawanya, hatutoi.

3. Sifuri zina mtego

Muuza maharage akiweka jiwe la gramu 200 na la 50, amepima robo kilo: 250/1000. Kukata sifuri ya mwisho juu na chini ni sawa, kwa kuwa tumegawanya kwa 10, na tunapata 25/100. Wengi wanaishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Wengine wanakata sifuri popote wanapoiona: 105/150 inakuwa 15/15, yaani moja nzima! Jibu ni 7/10. Ninawauliza swali moja tu: umegawanya kwa ngapi? Asiye na jibu hana ruhusa ya kukata.

4. Mara nyingi tatizo si sehemu

Hili ndilo ningependa kila mzazi alisikie. Mtoto anayekwama kwenye 24/36 kwa kawaida anaelewa anachotakiwa kufanya, ila hajui jedwali la kuzidisha. Kumwongezea maswali ya sehemu ni kumchosha bure. Tunarudi kwenye mara mbili, mara tatu na mara tano mpaka zikae, pamoja na ile mbinu ya kujumlisha tarakimu ili kujua kama tatu inaingia.

Wala simlazimishi aanze na Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS). Akipita 12/18, kisha 6/9, kisha 2/3, amefika. Aliyeiona 12 moja kwa moja amefika mapema, basi. Wenye kasi ninawapa 51/85, wahangaike mpaka waigundue 17.

5. Changanya na zisizorahisishika

Katika maswali sita, mawili yawe kama 7/12 au 8/15. Mtoto aliyezoea kukata kila kitu atalazimisha. Kuandika "haikatiki" na kueleza kwa nini ni jibu kamili, nami ninalipa vema.

6. Mzazi anaweza zaidi ya anavyodhani

Mama mmoja muuza fulana aliniambia, "Mwalimu, mimi niliishia la saba, sehemu nimeshazisahau." Lakini kutwa anauza robo dazeni na nusu dazeni, na hakosei chenji. Nilimwomba amwite mwanawe wakati wa kufunga hesabu. Sasa fulana tisa zikitoka katika dazeni, mtoto anaandika 9/12, kisha 3/4, na mama anamuuliza iliyobaki ni sehemu gani. Akijibu 3/12, mama hamwachii mpaka aseme robo.