Nani yupo na Muislamu anapokata roho?



Ndugu msomaji, mama yangu mkubwa alifariki saa nne usiku katika wodi ya hospitali moja kubwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jioni ile tulikuwa watu saba kitandani kwake. Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha tukaambiwa tutoke, nasi tukatoka bila kubisha, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ameshazungumza na muuguzi ili mmoja wetu abaki. Hakuna aliyezungumza. Tulipigiwa simu alfajiri. Baada ya swala ya Adhuhuri watu zaidi ya mia mbili walimsindikiza makaburini mtu ambaye usiku ule alikosa mmoja wa kumlowesha midomo. Sanda ilipatikana mara moja, vijana walichimba kaburi, mabasi mawili yakajaa. Kwa kuzika, Waislamu hatuna mpinzani. Swali langu katika makala haya ni la zile saa chache zilizotangulia.

Swali hili lilinirudia niliposoma habari za watu waitwao dula. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni mtumishi wa kike. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, lilitumika kwa wanawake wanaokaa na mama mjamzito anaposhikwa na uchungu. Hawazalishi, hiyo ni kazi ya mkunga. Wao humshika mkono, humkanda mgongo na kumtuliza. Mwaka 2003 mtu mmoja aitwaye Henry Fersko-Weiss, mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyekuwa akihudumia wagonjwa mahututi mjini New York, aliona kwamba anayetoka duniani naye anahitaji mtu wa namna hiyo, akaanza kufundisha watu wa kujitolea.

Kazi yao ni ipi? Humuuliza mgonjwa angali ana kauli: unataka nani awe karibu, unataka kusikia nini, kuna mtu mliyekosana naye? Hupanga zamu ili asibaki peke yake. Huwaeleza jamaa dalili za mwisho, kwamba miguu itapoa, pumzi itakatika na kurudi, koo litakoroma, na kwamba atakataa chakula, hivyo wasimlazimishe uji ukampalia. Baada ya mauti hurudi kukaa na wafiwa. Basi, hakuna la ajabu zaidi ya hapo.

Najua atatokea wa kusema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu waliowatelekeza wazee wao, sisi tuna familia. Mimi nilikuwa na familia ya watu saba, na nimeshakueleza ilivyokuwa.

Na hebu turejee kwa Mtume wetu (SAW) mwenyewe. Katika Sahihi Bukhari, Bi Aisha (RA) anasimulia kuwa Mtume alikuwa amejiegemeza kifuani pake. Akaingia kaka yake, Abdurrahman bin Abubakar, mkononi ana mswaki. Bi Aisha akaona jinsi Mtume anavyoutazama ule mswaki, akajua kwamba anautaka. Akamuuliza kama amchukulie, naye akaashiria kwa kichwa kuwa ndiyo. Ulikuwa mgumu, akamuuliza kama amlainishie, akaashiria tena, naye akamlainishia. Mbele yake kulikuwa na chombo cha maji, Mtume akawa anatia mikono na kujipangusa uso, akisema kwamba mauti yana sakarati. Zingatia hapo, msomaji. Bi Aisha hakungoja kuombwa. Aliyafuata macho ya mgonjwa, akauliza kabla ya kutenda, akafanya jambo dogo lililohitajika. Mafunzo yote ya madula sijaona yanapolipita hili.

Wapo kati yetu wanaofika kwa mgonjwa, lakini kufika kwenyewe kuna mtihani. Nimeshuhudia chumba kimejaa watu, mmoja analia kwa sauti, mwingine anapiga simu kutangaza kuwa hali si nzuri, wa tatu anamkaripia mgonjwa atamke shahada tena na tena kama mtoto wa madrasa aliyeshindwa somo. Kumlakinia anayekufa “La ilaha illa Llah” ni amri ya Mtume (SAW), imo katika Sahihi Muslim. Ila wanachuoni wamehadharisha kumkithirishia asije akachoka au akachukia. Imepokewa na Tirmidhi kwamba Abdullah bin al-Mubarak alipokuwa anafariki, mtu mmoja alimkariria sana, naye akamweleza kuwa akishaitamka mara moja basi yuko juu yake maadamu hajasema neno jingine. Huyo alikuwa mwanachuoni, aliweza kujitetea. Bibi yako wa kijijini ataweza?

Kisha kuna maumivu. Mgonjwa wa saratani anayepiga kelele usiku kucha ataukusanya wapi moyo wake kwa dhikri? Jirani zetu wa Uganda wamekuwa wakiwapa wagonjwa wa aina hiyo mofini ya maji tangu Dk. Anne Merriman aanzishe huduma yake mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria yao iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kwetu bado kuna Muislamu anayekataa dawa hiyo kwa kudhani ni ulevi, ilhali dawa ya dharura haina hukumu ya kileo.

Upande wa wafiwa nitasema kwa ufupi, maana umeshasemwa sana. Jaafar bin Abi Talib (RA) alipouawa Muta mwaka wa 8 Hijria, Mtume aliagiza familia yake ipikiwe chakula kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Naye Bi Aisha aliwapikia wafiwa talbina, uji wa shayiri, kwa ajili ya kuutuliza moyo. Sisi tunakwenda kupikiwa na mfiwa, na pilau lisipokolea tunasema.

Rai yangu niliipeleka kwa kamati ya msikiti wetu: tupate wanawake wanne na wanaume wanne, wafundishwe na sheikh pamoja na muuguzi, majina na simu zao zibandikwe ubaoni pale yalipo majina ya waoshaji. Wapeane zamu, wazungumze na hospitali mapema, wamkumbushe mgonjwa wosia na madeni wakati bado anasikia. Mwenyekiti aliuliza gharama. Nikamjibu kuwa ni nauli tu.

Bi kizee mmoja mwenye kuosha maiti za kike mtaani kwetu alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Akasema, “Mwanangu, miaka yote hii mimi naitwa mtu akishapoa. Sijawahi kuitwa kabla.” Akaandikisha jina lake la kwanza. Hadi naandika haya, wanawake wanne wamepatikana. Kwa wanaume yuko mmoja, na huyo ni mimi.