Kuchagua Mabuti ya Pikipiki kwa Njia za Vijijini

Tangu Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani mwaka 2022, watumishi wengi wa kata wamekuwa wakivifikia vijiji ambavyo gari hushindwa kuvifikia wakati wa masika. Kofia ngumu inatakiwa na sheria, na wengi wameizoea. Miguu ndiyo iliyosahauliwa. Ni jambo la kawaida kumwona mtumishi akivuka korongo kwa viatu vya ofisini, au dereva wa bodaboda akipita kwenye tope kwa kandambili.

Ili kuchagua buti lifaalo, ni muhimu kwanza kuelewa jinsi mguu unavyoumia. Katika tope au mchanga, mara nyingi pikipiki huanza kwa kuteleza, hata ikiwa katika mwendo mdogo. Mwendeshaji hushusha mguu ili kuizuia. Mguu hukita ardhini ilhali chombo, ambacho kwa kawaida huzidi kilo 100 kabla ya kupakiwa mzigo, kinaendelea mbele au kinalala upande. Hapo kifundo husokotwa, au unyayo hubanwa kati ya kikanyagio na ardhi. Buti la pikipiki hununuliwa kwa ajili ya tukio hilo. Kuzuia tope ni faida ya ziada.

Kwa sababu hiyo, mabuti ya mpira yanayojulikana kama gambuti hayatoshi. Huzuia maji, bei yake ni nafuu na hupatikana katika minada mingi, na bila shaka ni bora kuliko kandambili. Hata hivyo, hupinda kila upande, huweza kuchomoka mguuni mwendeshaji anapoanguka, na mpira wake huharibika ukigusa bomba la moshi lenye joto.

Dukani, mnunuzi ashike buti kwa mikono miwili, kisigino kwa mmoja na ncha kwa mwingine, kisha ajaribu kulisokota kama nguo inayokamuliwa. Likisokotika kwa urahisi, na mguu utasokotika ndani yake. Aminye pande zote mbili za kifundo. Panapaswa kuwa na ugumu unaosikika chini ya kidole gumba. Shingo ya buti ifunike muundi hadi karibu na goti, kwa kuwa mawe yanayorushwa na gurudumu la mbele hupiga hapo. Soli iwe ngumu katikati, panapokaa kikanyagio, na iwe na kisigino kilichojitokeza ili mguu usiteleze kwenda mbele. Bizimu ni bora kuliko kamba, ambazo huweza kunasa kwenye wenzo wa gia.

Mabuti yaliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13634 huwa na alama ndogo ya mwendesha pikipiki pamoja na tarakimu nne, kila moja ikiwa 1 au 2. Tarakimu hizo huonyesha, kwa mfuatano, urefu wa shingo, uwezo wa kustahimili kukwaruzwa, uwezo wa kuzuia kukatwa, na ugumu wa soli inapobanwa kutoka pembeni. Kwa njia za makorongo, tarakimu ya nne ndiyo ya kutazamwa kwanza, na 2 ni bora kuliko 1.

Bei ya mabuti mapya ya aina hii ni kubwa, hivyo wengi watageukia mitumba. Hakuna ubaya, mradi soli ipindwe na kukaguliwa iwapo ina nyufa au gundi iliyoachia, na bizimu zote zifungwe na kufunguliwa palepale. Buti lijaribiwe alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi nene. Likilowa, likaushwe kivulini, kwani moto wa jikoni hukakamaza ngozi na kuachia gundi.

Buti gumu huondoa hisia ya mguu juu ya breki na gia. Kabla ya safari ya kwanza, fundi ainue kidogo wenzo wa gia ili ncha ya buti ipite chini yake, na mwendeshaji afanye mazoezi ya kusimama na kubadilisha gia katika uwanja mtupu.